Mfungo wa Vipindi: Kupanga Saa za Kula kwa Anayetaka Kupunguza Uzito

Mfungo wa vipindi ni utaratibu wa ulaji ambao swali lake la kwanza ni saa ya kula, na aina ya chakula huja baadaye. Anayeufuata huigawa siku au wiki yake katika vipindi viwili, kimoja cha kula kama kawaida na kingine cha kujizuia kula au kula kidogo sana, huku maji akiyanywa wakati wote. Katika miaka ya karibuni utaratibu huu umeenea sana mijini, ukifundishwa katika kumbi za mazoezi na kusambazwa katika makundi ya simu, na kwa kuwa wengi huupokea vipande vipande, baadhi yao hubaki na imani kwamba saa zenyewe ndizo zinazoyeyusha mafuta. Imani hiyo ndiyo inayoharibu mipango mingi, kwa hiyo kabla ya kuingia katika kupanga yafaa kueleza mwili hufanya nini mtu anapokaa bila kula.

Chakula cha wanga, yaani ugali, wali, ndizi, mihogo, mkate na vyote vyenye sukari, kikishasagwa huingia katika damu kikiwa glukosi, sukari nyepesi ambayo mwili huitumia kama nishati. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoiwezesha glukosi kuingia katika seli, na kiasi kisichohitajika kwa wakati huo huwekwa katika ini na misuli kikiwa glaikojeni, yaani akiba ya muda mfupi ya wanga. Ini la mtu mzima huhifadhi takriban gramu 100 za akiba hiyo, na misuli hubeba mara kadhaa ya kiasi hicho kwa matumizi yake yenyewe. Kinachozidi hapo hugeuzwa mafuta. Mtu anapoacha kula, insulini hushuka na ini huanza kutoa akiba yake ili ubongo usikose glukosi, na kadiri akiba inavyopungua, kwa kawaida baada ya saa 12 hivi, ndivyo mwili unavyozidi kutegemea mafuta, hadi ini likaanza kuyageuza kuwa ketoni, ambazo ni kemikali zinazoweza kulisha ubongo mahali pa sehemu ya glukosi.

Hapa ndipo penye kosa linalowapoteza wengi. Mwili kutumia mafuta usiku si sawa na mwili kupungua, kwa sababu mafuta yaliyotumika usiku hurudi mchana ikiwa kinacholiwa mchana kinazidi mahitaji. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kalori 7,700, kalori ikiwa ndicho kipimo cha nishati iliyomo katika chakula, na ili kilo hiyo iondoke ni lazima jumla ya kinacholiwa kwa siku nyingi iwe ndogo kuliko jumla ya kinachotumika. Anayepunguza kalori 500 kila siku hutarajia kupungua karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, na kasi hiyo hupoa baadaye, kwa kuwa mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko ule wa awali. Wanaosema wamepungua kilo tatu katika wiki ya kwanza hawaongopi kuhusu mizani, ila sehemu kubwa ya kilichoondoka ni maji: kila gramu moja ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu tatu za maji, na akiba inapotumika maji hayo hutoka kwa mkojo. Siku mtu anaporudia wali na chapati maji hurudi, uzito hurudi, naye huvunjika moyo ilhali mafuta yake hayajaongezeka.

Utafiti ulioupa utaratibu huu sifa kubwa ulifanywa kwa panya. Mwaka 2012 kundi la Satchin Panda katika Taasisi ya Salk, jimboni California, lilionyesha kwamba panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi kwa muda wa saa 8 tu kila siku hawakunenepa kama wenzao waliokula chakula hichohicho wakati wowote walipotaka, ingawa kalori walizokula zilikuwa sawa. Mwaka huohuo daktari na mwanahabari Michael Mosley aliwajulisha watazamaji wa BBC nchini Uingereza mfungo wa siku mbili kwa wiki, na jambo hilo likavuka mipaka kwa kasi. Binadamu, hata hivyo, hawakuwafuata panya. Krista Varady na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya majaribio ya mwaka mmoja kwa watu 100, ambapo waliofunga siku moja na kula siku iliyofuata walipungua karibu sawa na waliopunguza chakula kidogo kila siku, lakini walioshindwa kufika mwisho walikuwa wengi zaidi upande wa wafungaji, asilimia 38 dhidi ya 29.

Majaribio mawili mengine yanafundisha zaidi yakiwekwa pamoja. Katika ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2020 na watafiti wa San Francisco, watu 116 walifuatiliwa kwa wiki 12; nusu yao waliambiwa wale kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku bila maelekezo yoyote kuhusu kiasi cha chakula, na walipungua chini ya kilo moja, tofauti yao na waliokula milo mitatu ya kawaida ikiwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Katika ya pili, yaliyofanywa Guangzhou nchini China na kuchapishwa mwaka 2022, watu 139 wenye unene uliopitiliza walipunguza kalori kwa mwaka mzima, na nusu yao waliongezewa sharti la kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Waliowekewa saa walipungua wastani wa kilo 8.0, wasiowekewa wakapungua kilo 6.3, na hesabu za kitakwimu hazikuona tofauti ya uhakika kati ya makundi hayo. Saa bila kipimo cha chakula ziliambulia kidogo sana. Kipimo cha chakula kilileta matunda, na saa zikaongeza kidogo au hazikuongeza kitu.

Mtu angeweza kuhitimisha kwamba mfungo wa vipindi hauna maana, lakini hitimisho hilo lingesahau jinsi chakula kinavyoliwa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Kuhesabu kalori kunamfaa anayenunua chakula kilichofungwa na kuandikwa uzito wake. Nyumbani ambako sufuria moja ya mchuzi hupikiwa watu wanane, au ambako jamaa huzunguka sinia moja, hakuna awezaye kusema kwa uhakika amekula gramu ngapi za wali au vijiko vingapi vya mafuta ya kupikia, ilhali kila mtu anaweza kujua kama saa kumi na mbili imefika. Thamani ya saa iko hapo: ni kipimo cha asiye na kipimo kingine. Ratiba ikipangwa vizuri huondoa ulaji ambao mwili hauuhitaji bila kumtaka mtu apime chochote, na ikipangwa vibaya huhamisha tu chakula kilekile kutoka asubuhi hadi jioni.

Kwa sababu hiyo mpango mwema huanza na daftari kabla ya kuanza na saa. Kwa wiki moja, bila kubadilisha chochote, mhusika huandika kila kitu kinachopita mdomoni na saa kilipopita, pamoja na vile visivyohesabiwa kuwa mlo: chai ya pili na ya tatu, karanga za njiani, soda ya mchana, chipsi zilizonunuliwa jioni wakati wa kusubiri daladala, kuonja jikoni, na kumalizia mabaki ya watoto. Kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari kina takriban kalori 50 za sukari peke yake, na vikombe vinne kwa siku ni kalori 200. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina karibu kalori 120. Daftari likisomwa mwisho wa wiki huonyesha ni saa zipi ambazo mtu hula bila njaa, na kwa watu wengi wa mjini saa hizo ni zile za baada ya chakula cha usiku, mbele ya televisheni au simu. Ratiba inapaswa kuzifunga saa hizo kwanza.

Aina inayotumika zaidi ni ile ya kufunga saa 16 na kula ndani ya saa 8. Kuhusu saa hizo ziwekwe wapi, sayansi na maisha huvutana. Insulini hufanya kazi vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, hivi kwamba mlo uleule huacha sukari nyingi zaidi katika damu ukiliwa usiku; na katika majaribio madogo yaliyochapishwa Marekani mwaka 2018, wanaume wanane waliokuwa karibu kupata kisukari walikula ndani ya saa 6 na kumaliza mlo wa mwisho kabla ya saa tisa alasiri kwa wiki tano, na shinikizo lao la damu na utendaji wa insulini vikawa bora ingawa uzito wao haukupunguzwa. Lakini mlo wa mwisho wa saa tisa alasiri unamwondoa baba au mama katika mlo ambao ndio pekee unaoikutanisha familia, na ratiba inayomtenga mtu na watu wake haidumu.

Bahati njema, desturi ya kazini Tanzania tayari ina suluhisho lake, nalo ni chai ya saa nne. Anayeruka kifungua kinywa cha alfajiri, akala mlo wa kwanza saa nne asubuhi, mlo wa mchana saa saba au saa nane, na mlo wa mwisho kabla ya saa kumi na mbili jioni, amekwisha kufunga saa 16 bila kubadilisha chochote ambacho wenzake kazini wangekishangaa. Sharti ni kwamba chai hiyo ya saa nne iwe mlo wa kweli, wenye mayai, maharage au viazi vitamu na tunda, badala ya maandazi matatu na kikombe chenye sukari, kwa sababu tumbo lililokaa tupu saa 16 halistahili kufunguliwa kwa unga uliokaangwa. Anayefanya kazi katikati ya Dar es Salaam na kuishi Mbagala au Kibaha, ambaye foleni humfikisha nyumbani saa mbili usiku, ana njia mbili. Anaweza kubeba chakula chake cha jioni na kukila kazini kabla ya kutoka, kisha akaketi na familia akiwa na kikombe cha chai isiyo na sukari. Au anaweza kukubali muda wa kula wa saa 10, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku, na kufunga saa 14. Ya pili ni bora kwa wengi, kwa kuwa ratiba ya saa 14 inayofuatwa miezi sita humpunguza mtu kuliko ya saa 16 inayoachwa wiki ya tatu. Walinzi, wauguzi na madereva wa zamu za usiku hawana ratiba moja inayowafaa. Walau wajipangie mlo mmoja mkubwa kabla ya zamu na waepuke kula ovyo kati ya saa sita usiku na alfajiri.

Aina ya pili ni ile aliyoieneza Mosley: siku tano za kula kawaida na siku mbili zisizofuatana za kula takriban kalori 500 kwa mwanamke na 600 kwa mwanamume, kiasi kinachotosha sahani ya mchicha au kisamvu kilichopikwa kwa mafuta kidogo, kipande cha samaki au mayai mawili, na kipande kidogo cha ugali. Waislamu wanaofunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi wataona kwamba siku zao zinaingia katika mpangilio huu bila taabu, ingawa nia ya saumu ni ibada, nayo hukataza hata maji tangu alfajiri hadi magharibi. Aina ya tatu, kufunga siku moja na kula siku moja, ndiyo ngumu kuliko zote, na matokeo ya Chicago yanatosha kumwonya anayeanza.

Ramadhani yenyewe ni ushahidi mkubwa ambao pwani ya Waswahili inao kila mwaka. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wafungaji hupungua kwa wastani zaidi kidogo ya kilo moja, na kwamba sehemu kubwa ya uzito huo hurudi ndani ya wiki chache baada ya Idi. Si jambo la kushangaza kwa anayeijua futari: tende na uji, kisha sambusa, kaimati, tambi, mihogo na magimbi ya nazi, kisha chakula cha usiku, kisha daku. Saa za kufunga zilikuwa nyingi, lakini kilicholiwa usiku kilifidia. Kwa mwenye ratiba yake ya mwaka, Ramadhani ikiingia ni vema kuisimamisha ratiba hiyo na kutunza futari tu, kwa kupunguza vya kukaanga na vya sukari.

Wakati wa kufunga huruhusiwa maji, chai ya rangi isiyo na sukari na kahawa chungu. Kahawa ya vikombe vidogo barazani haivunji mfungo, kashata inayouzwa nayo huuvunja. Katika saa za kula, kinachohitaji uangalizi mkubwa ni protini, kirutubisho kinachojenga na kutunza misuli, kwa kuwa anayepungua bila protini ya kutosha na bila kutumia nguvu hupoteza misuli pamoja na mafuta. Baadhi ya waliopimwa katika majaribio ya San Francisco walipoteza zaidi tishu zisizo mafuta kuliko mafuta yenyewe. Dagaa, maharage, choroko, mayai, maziwa mgando na samaki havikosekani sokoni, na mazoezi hayahitaji ukumbi: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi na kubeba ndoo za maji huiambia misuli kwamba bado inahitajika.

Wapo ambao hawapaswi kuanza kabisa bila daktari, na jambo hili lisemwe bila kulainishwa, kwa sababu linahusu uhai. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana wanaokua, wenye uzito mdogo, na waliowahi kuugua maradhi ya kujinyima chakula wasifunge kwa ajili ya uzito. Mwenye vidonda vya tumbo, na anayemeza dawa zinazotakiwa kuliwa na chakula, aulize kwanza. Hatari kubwa zaidi ni ya mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, kama vile glibenklamidi, kwani dawa hizo huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Metformini ikitumika peke yake ina hatari ndogo zaidi. Utafiti mkubwa wa mwaka 2001 uliohusisha wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000 katika nchi 13 ulionyesha kwamba matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka wakati wa Ramadhani karibu mara tano kwa wenye kisukari cha aina ya 1 na zaidi ya mara saba kwa wenye aina ya 2. Miongozo ya kimataifa humtaka mgonjwa anayefunga afungue mara moja kipimo cha sukari kikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au kikipanda juu ya 16.6, na dalili za kutetemeka, jasho la ghafla na kuchanganyikiwa hazisubiri kipimo. Mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za kukojoa maji naye huweza kupata kizunguzungu, na kipimo chake cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa kadiri anavyopungua.

Mwaka 2024 uliwasilishwa Chicago uchambuzi wa takwimu za Wamarekani wapatao 20,000 uliohusisha kula ndani ya muda usiofika saa 8 na vifo vingi zaidi vya maradhi ya moyo, na habari hiyo iliwatisha wengi. Uchambuzi huo ulitegemea kumbukumbu za watu kuhusu siku mbili tu za ulaji, na haukuweza kuonyesha kama saa ndizo zilizoua au ni maradhi, umaskini na kazi za zamu vilivyowafanya watu hao wale kwa muda mfupi. Hata hivyo unatoa sababu nzuri ya kutokimbilia ratiba kali, hasa kwa mwenye maradhi ya moyo.

Mwenye afya na ruhusa huanza kwa saa 12, kwa mfano kutoka saa moja usiku hadi saa moja asubuhi, na huzizoea kwa wiki moja au mbili kabla ya kusogeza mlo wa kwanza mbele kwa nusu saa kila baada ya siku chache. Kichwa kuuma, hasira za njaa na choo kigumu ni vya kawaida siku za mwanzo, na maji ya kutosha hupunguza sehemu kubwa ya adha hiyo. Mizani ipandwe mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kwenda haja, kwa kuwa uzito wa kila siku hupanda na kushuka kwa maji. Utepe wa fundi cherehani hauna gharama kubwa na mara nyingi husema kweli zaidi: kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, na kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani hatari ya maradhi huanza kuongezeka kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.

Wiki 12 ni muda wa haki wa kuijaribu ratiba. Kiuno kikiwa kimepungua, hakuna haja ya kukaza zaidi, na siku ya harusi au msiba mtu anaweza kula na watu na kuendelea kesho yake. Kisipopungua, jibu halipatikani kwa kuzikata saa nane ziwe sita, bali kwa kulirudia daftari kwa wiki moja nyingine na kulilinganisha na lile la kwanza, ambapo mara nyingi huonekana kwamba sahani ya saa kumi na mbili jioni imekua kidogo kidogo hadi kukibeba ndani yake kifungua kinywa kilichoachwa.